Mguu wa Bandia, Mwendo wa Kweli



Swali la leo halikutoka katika kitabu cha katekisimu. Nililetewa na mtoto wa darasa la nne, naye hakuliuliza kwa kinywa, bali kwa kuacha shule. Swali lenyewe ni hili: Mtu aliyekatwa mguu, je, amepungua utu wake? Na sisi tunaoishi karibu naye, yatupasa kumtendea namna gani ili tusimpunguze?

Kwanza nitawasimulia jambo lilivyokuwa, wala sitaficha kosa langu. Kisha tutalipima pamoja.

Habari ya mtoto

Mtoto huyo alipanda mti wa avoka. Tawi likakatika, akaanguka, na mfupa wa muundi ukavunjika. Watu wa nyumbani kwake wakampeleka kwa mzee anayeunga mifupa. Mzee yule si mtu mbaya. Alimfunga vijiti vya mwanzi, akazikaza kamba kwa nguvu, akidhani kwamba kukaza ndiko kuponya. Siku ya pili vidole vikavimba. Siku ya tatu vikawa baridi, vikageuka rangi, na mtoto akalia usiku kucha. Wakamwambia, "Vumilia, wewe ni mwanamume." Walipomfikisha hospitali siku ya tano, mguu ulikuwa umekwisha kufa, kwani kamba ziliizuia damu isipite. Daktari akaukata chini ya goti ili auokoe uhai wake.

Hapa nasimama kidogo, niwaonye wazazi. Mtu aliyefungwa vijiti, vidole vyake vikiwa baridi, vikigeuka rangi au vikifa ganzi, mfungueni kamba mara moja, mkampeleke kwa daktari siku ile ile. Kilio cha mtoto wakati huo si udhaifu. Mguu wake ndio unaoomba kuokolewa.

Kidonda kilipopona, alipelekwa mjini Bukavu kupewa mguu wa bandia na kufundishwa kuutumia. Siku aliporudi shuleni akitembea, mimi mwalimu wake nilifurahi mno. Na katika furaha ile ndimo nilimokosea.

Nilisema, "Huyu ameteswa vya kutosha, asisumbuke tena." Zamu yake ya kuchota maji nikampa mwingine. Wenzake walipokwenda kulima bustani ya shule, yeye nilimketisha kivulini. Siku ya maandamano ya sikukuu nilimwekea kiti mlangoni pa kanisa, awatazame wengine wakipita. Watoto wakaiga mfano wangu: mmoja alimbebea mfuko, mwingine alimjibia swali kabla hajafungua kinywa. Sisi sote tulijiona watu wema sana.

Mwezi wa pili haujaisha, akaacha kuja. Nilikwenda kwao, nikamkuta ameketi karibu na mjomba wake, ambaye ni fundi seremala. Mguu wa bandia ulikuwa umechomekwa darini, na mtoto alikuwa ameshika fimbo yake ya zamani. Nikamwuliza, "Mwanangu, mguu unakuumiza?" Akajibu, "Hapana, mwalimu." "Basi wenzako wamekucheka?" "Hapana, mwalimu." Akanyamaza kitambo, kisha akasema akitazama chini: "Hospitalini walinikata mguu mmoja. Shuleni nimekatwa na mikono."

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na neno lile moyoni, na tangu siku hiyo nimelitafakari. Haya ndiyo niliyoyaona.

Je, utu hukatwa kwa msumeno?

Kuna makosa mawili ambayo watu huyaangukia wanapomwona mtu aliyepoteza kiungo.

Kosa la kwanza ni la wale wasemao, "Mguu si kitu, mradi roho ipo." Maneno hayo yana sura ya dini, lakini si kweli. Mwili si nguo ya kuvuliwa na kutupwa. Kwa mguu huo mtu alikimbia, alilima, alicheza ngoma, aliwaendea wazazi wake. Aliyeupoteza amepoteza kitu cha thamani, na ana haki ya kulia. Anayemkataza kulia anamwongezea mzigo juu ya mzigo, kwa maana sasa itampasa kuficha hata huzuni yake.

Kosa la pili ni la wale wasemao, "Amekuwa nusu mtu." Hilo ni baya kuliko la kwanza. Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu mkuu wa karne ya 13, alifundisha kwamba roho i nzima katika mwili mzima, nayo i nzima katika kila sehemu yake. Haikugawanyika kama nyama sokoni, kipande hiki mguuni na kipande kile mkononi. Basi msumeno wa daktari wakata mfupa na nyama, lakini hakuna kipande cha roho kinachoanguka pamoja navyo. Akili yake, dhamiri yake, uwezo wake wa kupenda na wa kuchagua, vyote vimebaki. Wajibu wake nao umebaki. Na hapo ndipo mimi nilipopotea: nilimwachia mtoto haki zake zote, lakini nilimnyang'anya wajibu wake.

Wengine huongeza neno la tatu: "Ni adhabu. Yeye au wazazi wake walitenda ovu." Wanafunzi wa Bwana wetu nao walimwuliza hivyo juu ya yule aliyezaliwa kipofu, naye akayakataa mawazo yao. Tena sisi wa Kongo hatuhitaji kwenda mbali ili kulijua jambo hili. Katika wakati wa mpira, chini ya Mfalme Léopold II, kati ya mwaka 1885 na 1908, wako babu zetu waliokatwa mikono. Je, hatia ilikuwa ya mkono uliokatwa au ya aliyekata? Hata mtoto mdogo aweza kujibu. Basi tukimwona mtu aliyekatwa kiungo, tusianze kupekua dhambi zake. Wazee walisema: hujafa, hujaumbika.

Je, mguu wa bandia ni uongo?

Neno "bandia" huwatatiza wengine. Fedha za bandia ni wizi, na dawa za bandia huua watu. Je, mguu wa bandia nao ni udanganyifu? Wako wanaouvaa kwa aibu kana kwamba wanaiba, na wako wanaoukataa wakisema, "Sitaki kujifanya nilivyo sivyo."

Tufikiri. Uongo ni kutaka kumdanganya mwenzio. Mzee avaaye miwani hamdanganyi mtu yeyote, anataka kusoma. Mguu wa bandia hali kadhalika: haukutengenezwa ili useme neno la uongo, bali ufanye kazi ya kweli. Anayeutumia akifika kisimani, amefika kweli. Mguu ni wa bandia, lakini mwendo si wa bandia.

Wala jambo hili si geni wala la Wazungu peke yao. Katika Afrika yetu, huko Misri karibu na Luxor, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta katika kaburi la mwanamke mmoja kidole gumba cha mguu kilichotengenezwa kwa mti na ngozi, chenye umri upatao miaka 3000. Kilikuwa na alama za kuchakaa. Maana yake, mama yule alikitembelea alipokuwa hai. Hakikuwa pambo la maiti tu.

Na mwaka 1968, katika mji wa Jaipur nchini India, fundi Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi walitengeneza mguu wenye wayo wa mpira. Miguu iliyotoka Ulaya ilihitaji kiatu, na aliyeivaa hakuweza kuchuchumaa wala kuingia shambani penye maji. Mguu wa Jaipur ulifanywa kwa ajili ya mkulima atembeaye pekupeku na kuketi chini kama watu wa kwao. Tazameni hekima hiyo: hawakumwuliza mkulima aache maisha yake ili aufuate mguu, bali waliufanya mguu uyafuate maisha ya mkulima.

Katika nchi yetu, miguu mingi hutengenezwa kwa plastiki iitwayo polipropilini, kwa ufundi ulioenezwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Kwa miaka mingi watu wa Kivu wamehudumiwa katika kituo cha Heri Kwetu mjini Bukavu na Shirika la Umoja mjini Goma. Fundi huzungushia kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, vitambaa vyenye plasta. Plasta ikikauka huivua, na katika tundu lake humimina plasta nyingine, akapata mfano wa kigutu kile. Kisha huipasha plastiki moto katika tanuri hata ilainike, akaivisha juu ya mfano huo. Hivyo hupatikana kikombe ambamo kigutu kitaingia. Kila mtu ana kikombe chake. Huwezi kuazima mguu wa jirani kama unavyoazima jembe.

Kuuzoea mguu ni kazi

Msidhani kwamba mtu hupewa mguu asubuhi na jioni akaenda sokoni. Fundi humpa mguu, lakini hawezi kumpa mwendo. Huo atautafuta mwenyewe, siku kwa siku.

Tangu siku za kwanza baada ya kukatwa, goti na nyonga hutaka kunyoshwa. Anayelala na mto chini ya goti kwa sababu anaona raha, goti lake litakazana katika kukunjika, na mguu wa bandia hautamfaa. Kigutu hufungwa bendeji kwa ustadi ili uvimbe ushuke. Kisha huja siku ya kusimama kati ya fito mbili, na mtu mzima hujifunza kama mtoto mchanga: kuegemea, kuinua, kukanyaga, kuanguka, kuinuka.

Baadaye huja kazi ya kila jioni. Mguu huvuliwa kabla ya kulala. Kigutu huoshwa kwa maji na sabuni, kikakaushwa na kutazamwa pande zote kama pana wekundu au malengelenge. Soksi yake hufuliwa. Kidonda kidogo kikidharauliwa leo, kesho mguu utakaa darini kwa mwezi mzima. Na mtoto, kwa kuwa anakua, huhitaji kurudi kwa mafundi mara nyingi kuliko mtu mzima, ili mguu wake ukue pamoja naye.

Tena kuna jambo moja linalowaogopesha watu wengi vijijini. Aliyekatwa mguu husema, "Vidole vyangu vinawasha," na vidole havipo. Usiku huona maumivu katika wayo uliozikwa zamani. Ndipo majirani hunong'ona kwamba mchawi ameuficha mguu wake na anauchoma moto. Ndugu zangu, acheni neno hilo. Mpasuaji Mfaransa Ambroise Paré, aliyefariki mwaka 1590, aliliandika jambo hili alipowaona askari waliokatwa viungo, na mwaka 1871 daktari Mmarekani Silas Weir Mitchell alilipa jina katika maandishi yake. Mishipa ya fahamu iliyokuwa ikipeleka habari za mguu ingali imo mwilini, na ubongo bado unangojea habari hizo. Maumivu ni ya kweli, mgonjwa si mwongo wala si mwenda wazimu, na hakuna mchawi. Amwambie daktari, naye atasaidiwa.

Katika kazi hii kuna vishawishi viwili. Cha kwanza ni kukata tamaa, kusema, "Maisha yangu yamekwisha." Cha pili ni kutaka kila kitu kiwe kama zamani, mtu asionekane hata kuchechemea. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alivunjwa mguu kwa risasi ya mzinga huko Pamplona mwaka 1521. Mfupa uliunganika vibaya, ukatokeza nje. Naye, kwa kupenda urembo wa viatu vya kiungwana, aliwaamuru wapasuaji wauchonge kwa msumeno, akastahimili mateso makali. Hata hivyo alichechemea mpaka kufa kwake. Baadaye aliyaona majivuno yake, na kwa mguu ule ule uchechemeao alisafiri nchi nyingi kama mhaji. Mguu haukupata uzuri alioutaka, walakini ulimfikisha mbali kuliko alivyotazamia.

Kukubali, basi, si kuketi. Kukubali ni kusema, "Huu ndio mguu nilio nao leo, nitakwenda nao wapi?" Anayesema hivyo ameanza safari.

Huruma na heshima

Sasa tumrudie yule mtoto. Kosa langu lilikuwa nini? Je, si vema kumhurumia mwenzetu?

Mtume Paulo, katika barua yake kwa Wagalatia, anafundisha mambo mawili karibu karibu: kwamba tuchukuliane mizigo, na kwamba kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Mtu wa haraka atasema maneno hayo yanapingana. Lakini fikirini mnavyofanya njiani mkitoka shambani. Mama akiwa na kikapu kizito, unamsaidia kukiinua na kumtwisha kichwani. Ukisha kumtwisha, humfuati ukikishikilia. Ukikichukua kikapu chake kila siku, siku moja atakuuliza, "Kumbe mimi si mkulima tena?"

Huruma iliyo njema humtwisha mwenzake. Huruma mbaya humpokonya kikapu. Ya kwanza humwuliza, "Nikusaidie wapi?" Ya pili haiulizi, kwa kuwa imekwisha kukata shauri kwamba yeye hawezi. Aghalabu ya pili hutupendeza zaidi, kwa sababu hutufanya tujione wema. Huruma ya namna hiyo yaweza kumkata mtu mara ya pili, na mara hii pasipo daktari wa kumfunga kidonda.

Mtanijibu: "Mwalimu, lakini akianguka?" Ataanguka. Hata sisi tulianguka tulipojifunza kutembea, na mama zetu hawakutufunga kamba kitandani. Yatupasa kuondoa mawe njiani, kukausha utelezi mlangoni, kumpa kazi inayolingana na nguvu zake. Hayo ni haki. Lakini kumwondolea kazi yote kwa hofu ya kuanguka kwake si haki.

Wako watu wanaotuonyesha njia. Tun Channareth wa Kambodia alipoteza miguu yote miwili kwa bomu la kutegwa ardhini mwaka 1982. Baadaye alitengeneza viti vya magurudumu pamoja na Wayesuiti kwa ajili ya wenzake, akasafiri akidai mabomu hayo yapigwe marufuku. Mwaka 1997, kampeni aliyoitumikia ilipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, yeye alikuwa miongoni mwa walioipokea. Na huko Kabul, Afghanistan, katika kituo cha miguu ya bandia cha Msalaba Mwekundu, wafanyakazi walio wengi ni watu waliofika kwanza kama wagonjwa. Aliyepokea mguu jana huwatengenezea wengine miguu leo. Hawakupewa mguu tu. Walipewa na kazi.

Nasi tunayo sheria. Tarehe 3 Mei 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza sheria ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Lakini sheria hukaa mjini katika karatasi. Kijijini itaonekana tu katika namna tunavyogawana maji, majembe na nafasi katika maandamano.

Mwisho wa habari

Nilirudi kwa mtoto yule, nikamwambia mbele ya mjomba wake: "Nimekukosea. Kesho ni zamu yako ya maji." Akauteremsha mguu darini, akaupangusa vumbi.

Alikuja na bidoni ya lita tano, wakati wenzake walikuwa na za lita kumi. Penye mteremko wa kisima akateleza, akaanguka, maji yakamwagika. Watoto wawili wakacheka. Mimi nilitaka kukimbia nimwinue. Nikajizuia, na kujizuia kule kuliniwia kugumu kuliko kukimbia. Akainuka peke yake, akarudi kisimani, akajaza tena. Alipofika shuleni alikuwa amechelewa, na nilimwandika kuwa amechelewa, kama ningaliwaandika wengine. Akatabasamu.

Leo anajifunza useremala kwa mjomba wake. Kila mwaka watu wa jumuiya yetu huchanga nauli ya kumpeleka mjini kupima mguu mpya, na mama mmoja humpa sabuni na soksi. Huo ndio msaada autakao: tumtwishe, kisha tumwache aende.

Maswali ya kujiuliza

1. Je, katika kijiji chetu yuko mtu aliyepoteza kiungo? Ana kazi gani miongoni mwetu? Ikiwa hana, ni nani aliyemnyang'anya?

2. Nilipomsaidia mara ya mwisho, nilimwuliza kwanza anachohitaji, au nilijiamulia mwenyewe?

3. Na wewe uliyekatwa kiungo, usomaye au usomewaye ukurasa huu: ni mzigo gani ulio wako, ambao uko tayari kuudai urudishwe kichwani pako?